Kibao cha Clela Rorex: karani aliyetoa leseni sita za ndoa mwaka 1975 anastahili kuenziwa na serikali?

Mpekuzi wa Masjala (mleta mada)

Wakuu, naleta mada hii kwa adabu, na naomba tusiigeuze kuwa "nani anaunga mkono ndoa za jinsia moja na nani anapinga". Hilo kila mtu ana lake. Swali langu ni la utumishi wa umma: je, serikali iweke ukutani jina la mtumishi wake kwa jambo alilolifanya pale sheria ilipokuwa kimya?

Ninayemzungumzia ni Clela Rorex, karani na msajili wa Boulder County, jimbo la Colorado, Marekani. Kule karani wa kaunti huchaguliwa kwa kura. Ofisi yake husajili hati za ardhi na magari, husimamia uchaguzi, na hutoa leseni za ndoa. Rorex alichaguliwa Novemba 1974 kwa tiketi ya Democratic, akaingia ofisini Januari 1975 akiwa na miaka 31. Muda si mrefu wakaja wanaume wawili kutoka Colorado Springs kuomba leseni ya ndoa. Kwao walikuwa wamekataliwa, wakaambiwa wajaribu Boulder.

Hakuwapa papo hapo, na hapa ndipo watu wengi huruka. Alipeleka swali kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya. Msaidizi wa ofisi hiyo, William Wise, akajibu kwamba hakuna kifungu cha sheria ya Colorado kinachokataza. Leseni ikatoka tarehe 26 Machi 1975. Hadi mwisho wa Aprili zilikuwa zimetoka sita. Ndipo mwanasheria mkuu wa jimbo, J.D. MacFarlane, akatoa maoni kwamba ndoa hizo hazitambuliki, naye Rorex akaacha kutoa.

Matusi na vitisho vilimjia kwa barua na kwa simu. Kuna hata bwana mmoja aliyekuja na farasi jike aitwaye Dolly, akitaka leseni ya kumuoa. Rorex akachukua kalamu, akauliza umri wa bibi harusi. Alipoambiwa ni miaka minane, akajibu kwamba hajafikia umri wa kuolewa bila ridhaa ya wazazi. Mwaka 1977 alijiuzulu kabla muhula haujaisha. Alifariki Juni 2022 akiwa na miaka 78, na jina lake sasa linaenziwa Boulder kama la mtu aliyefungua njia.

Msimamo wangu: anastahili, na sababu yangu ni utaratibu alioufuata. Alikuwa na shaka, akauliza kwa anayehusika, akapewa jibu, akalitekeleza. Jibu la juu zaidi lilipokuja, akalitii pia. Naomba tubishane.

Wakili Mkaidi

Mkuu, umeipamba hoja vizuri lakini ina tundu. Kutoa leseni ya ndoa ni kazi ya kutekeleza tu. Karani anaangalia umri, anaangalia kama mmoja wao ana ndoa nyingine hai, anaangalia undugu wa damu, anapokea ada, anagonga muhuri. Hana hiari ya kutafsiri. Akiona shaka, anakataa kwa maandishi, aliyekataliwa anakwenda mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha karani atoe. Huko ndiko shaka inakoamuliwa, siyo kaunta.

Ukiweka kibao kwa karani aliyetangulia mahakama, jiandae kwa vibao vingine. San Francisco mwaka 2004, meya Gavin Newsom aliagiza leseni zitolewe kuanzia 12 Februari. Zilitoka takriban 4,000 kabla mahakama haijasimamisha tarehe 11 Machi. Agosti mwaka huohuo Mahakama Kuu ya California ikazifuta zote. Watu walioana kwa machozi ya furaha wakarudishiwa hali ya useja kwa hukumu moja. Naye Kim Davis, karani wa Rowan County, Kentucky, mwaka 2015 aligoma kutoa leseni akitaja imani yake. Alishikiliwa kwa kudharau amri ya mahakama, 3 hadi 8 Septemba. Wako watu kule wanaomwona shujaa. Tukishasema dhamiri ya karani inastahili shaba ukutani, tutamkatalia nani?

Mpekuzi wa Masjala

Wakili, umewaweka kapu moja watu watatu wasiofanana. Newsom alikuwa na katazo mbele ya macho yake: wapiga kura wa California walipitisha mwaka 2000 sheria iliyosema ndoa halali ni ya mwanamume na mwanamke. Alilivuka katazo lililoandikwa. Davis alikuwa na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 26 Juni 2015 iliyoruhusu ndoa hizi nchi nzima, na juu yake amri ya jaji iliyoelekezwa kwake yeye kwa jina. Aliivuka amri. Rorex hakuwa na kifungu wala amri. Katazo la wazi katika sheria ya ndoa ya Colorado liliingia mwaka 2000, miaka 25 baadaye. Bunge lisingehangaika kuliandika kama lingekuwa tayari limo.

Kuhusu "aende mahakamani": njia hiyo ilijaribiwa. Minnesota, Jack Baker na Michael McConnell walikataliwa na karani wa Hennepin County mwaka 1970, wakashtaki kama unavyoelekeza. Mahakama ya jimbo ikawakatalia Oktoba 1971. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa rufaa kwa sentensi moja, kwamba haina swali la maana la sheria ya shirikisho. Sentensi hiyo ilikaa kama nguzo ya kila kesi iliyofuata hadi 2015. Takriban miaka 43, kwa mstari mmoja usio na maelezo.

Ustadh Bakari

Assalam alaykum. Msimamo wangu wa kidini kuhusu ndoa yenyewe sina haja ya kuueleza, mnaweza kuukisia. Nazungumzia ukuta tu. Jengo la kaunti linajengwa kwa kodi ya wote. Novemba 2006 wapiga kura wa Colorado waliandika ndani ya katiba yao, kwa asilimia 55 hivi, kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja. Siku hiyohiyo waliikataa hata pendekezo la kuwapa wapenzi wa jinsia moja haki za ukaaji wa pamoja bila jina la ndoa. Kwa hiyo Rorex alipotoa leseni hakuwa akiwakilisha umma wa jimbo lake. Hata miaka 31 baadaye umma huo ulikuwa bado upande wa pili. Kumuenzi kwa mali ya umma ni kuwaambia waliopiga kura ile kwamba walikuwa wajinga.

Mama Nasra

Ustadh, hesabu zako ni sahihi ila umesimama katikati ya njia. Novemba 2024 wapiga kura haohao wa Colorado waliyafuta maneno yale kupitia Marekebisho J, karibu asilimia 64 wakisema yafutwe. Na ilihitajika nusu na ushei tu, kwa sababu jimbo lile hudai asilimia 55 pale unapoongeza neno kwenye katiba, siyo unapoondoa. Wakavuka hata kiwango ambacho hawakudaiwa.

Ustadh Bakari

Basi dada yangu, waenzini wapiga kura wa 2024. Hao walikuwa na mamlaka ya kubadili. Karani wa 1975 hakuwa nayo.

Dada Uhamiaji

Naingilia kwa upande wa makaratasi, maana mjadala unakwenda kama vile zile leseni sita zilikuwa ishara tu. Moja iliishia kuwa na thamani ya kisheria baada ya miaka 41, na ndugu zetu walioko Marekani wanaohangaika na maombi ya wenza wataielewa haraka.

Leseni ya tarehe 21 Aprili 1975 ilikuwa ya Richard Adams, raia wa Marekani mzaliwa wa Manila, na Anthony Sullivan, Mwaustralia ambaye viza yake ilikuwa inaelekea ukingoni. Hawakuwa wakazi wa Colorado, walitoka Los Angeles, na Colorado haidai ukaazi ndipo ukaoe. Adams akamwombea Sullivan ukaazi kama mwenza, kwa fomu ileile ambayo raia hutumia leo kumwombea mume au mke, I-130. Novemba 1975 idara ya uhamiaji ikajibu kwa barua rasmi iliyokataa ndoa hiyo kwa kutumia tusi la mitaani dhidi ya mashoga. Kwenye barua ya serikali!

Wakashtaki. Mwaka 1982 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kuna hatua mbili: kwanza, je, ndoa ni halali kwa sheria ya jimbo ilipofungwa? Pili, hata ikiwa halali, je, Bunge la Marekani lilimkusudia mtu huyo kwenye neno "mwenza"? Hatua ya kwanza mahakama iliiacha bila kuiamua. Ikawaangusha kwenye ya pili. Mwaka 1985 Sullivan akaomba asifukuzwe kwa sababu ya taabu itakayompata, akashindwa tena. Aliyeandika hukumu hiyo ni jaji Anthony Kennedy, huyohuyo aliyeandika hukumu ya 2015 iliyoruhusu ndoa hizi nchi nzima.

Sasa angalieni ilivyoishia. Adams alifariki Desemba 2012. Juni 2013 Mahakama ya Juu ikaangusha sheria ya shirikisho iliyokuwa inazuia kutambua ndoa za jinsia moja. Sullivan akaomba ombi la 1975 lifunguliwe upya. Kanuni ya uhamiaji inasema mwombaji akifa, ombi la mwenza hugeuka kuwa ombi la mjane. Lakini ili ligeuke lazima pawe na ndoa, na ili pawe na ndoa lazima pawe na kumbukumbu. Leseni ya Boulder ilikuwa bado masjala, na hakuna mahakama iliyowahi kuifuta. Mwaka 2016 Sullivan alipewa grinikadi kama mjane wa ndoa ya 1975.

Hapo ndipo napokubaliana na Mpekuzi, kwa sababu nyingine. Leseni 4,000 za San Francisco zilitolewa kwa kishindo na hazikumsaidia mtu yeyote kwenye jalada la uhamiaji. Zile sita zilisajiliwa kama leseni nyingine yoyote.

Na niongeze kwa wanaooana Colorado sasa hivi, wa jinsia yoyote, maana haya makosa yanajirudia: leseni ni dola 30, haina siku za kusubiri, na inakufa baada ya siku 35 kama hamjaitumia. Mnaweza kujifungisha wenyewe bila mchungaji, kadhi wala mashahidi. Ila mkishasaini, karatasi lazima irudi kwa karani ndani ya siku 63. Watu huibakiza nyumbani kwenye fremu. Halafu siku ya usaili wa uhamiaji wanapeleka kile cheti cha mapambo alichowapa mchungaji, afisa anauliza nakala iliyothibitishwa na kaunti, haipo. Mkiirudisha kwa kuchelewa mnatozwa, lakini heri utozwe.

Wakili Mkaidi

Dada, maelezo haya ni dhahabu, ila angalia yanathibitisha nini. Kilichomwokoa Sullivan ni kwamba hakuna aliyekwenda mahakamani kuzifuta zile sita. MacFarlane alitoa maoni, hakufungua shauri. Angefungua, tungekuwa na San Francisco ndogo. Rorex alibahatika.

Na kama kaunti ileile inatafuta wa kumuenzi, mbona hamumtaji Hillary Hall? Karani wa Boulder mwaka 2014. Tarehe 25 Juni mahakama ya rufaa ya shirikisho inayoshika Colorado iliangusha katazo la Utah, ikasimamisha hukumu yake yenyewe kusubiri rufaa. Hall akaanza kutoa leseni siku hiyohiyo. Mwanasheria mkuu wa jimbo akamshtaki, jaji wa wilaya akakataa kumzuia kwa sharti kwamba wanaooana waarifiwe kuwa uhalali unasubiri mahakama na kwamba rekodi zitunzwe. Mahakama Kuu ya Colorado ikamwamuru aache tarehe 29 Julai. Alikuwa ametoa zaidi ya 200. Oktoba mlango ukafunguka rasmi. Huyu alikuwa na hukumu ya kusimamia, na aliwaambia watu hatari iliyopo kabla hawajasaini. Rorex aliwaambia nini wale wa 1975?

Mpekuzi wa Masjala

Hall alikuwa na hukumu iliyosimamishwa, na katazo la katiba ya jimbo lililokuwa hai. Kwa kipimo chako mwenyewe cha "karani asitangulie mahakama", yeye ndiye aliyetangulia zaidi. Huwezi kumtumia kumpiga Rorex halafu ubaki na kanuni yako. Lakini hoja ya onyo naikubali. Karani anayetoa hati yenye shaka amwambie mwenye hati, na aiandike kwenye jalada kwamba alimwambia.

Wakili Mkaidi

Sawa, hapo tumekutana. Niseme pia kwa wasomaji wa huku nyumbani wanaouliza pembeni kama msajili wa Nairobi au wa bomani anaweza kufanya kama Rorex: hoja nzima ya Mpekuzi inasimama juu ya ukimya wa sheria, na huku hakuna ukimya. Kifungu cha 45(2) cha Katiba ya Kenya kinataja mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 9, inataja mwanamume na mwanamke. Msajili akiuliza ushauri atajibiwa kwa sekunde mbili. Tusichanganye.

Mama Nasra

Mimi ninachokiona kibaya kwenye kuenzi huku ni kwamba karani anakuwa mhusika mkuu wa ndoa za watu wengine. Rorex aliiacha kazi, kweli, na akapata nyingine. Adams na Sullivan waliondoka Marekani mwaka 1985 wakatangatanga Ulaya, wakarudi na kuishi kwa kujificha kwa miaka. Jina la nani linapaswa kuwa kubwa? Leseni haitoki bila watu wawili kujitokeza kaunta na kuandika majina yao kamili kwenye kitabu ambacho mtu yeyote anaweza kukiomba akisome. Mwaka 1975 hiyo ilitosha kukufukuzisha kazi na nyumba.

Fundi wa Makumbusho

Mmebishana kuhusu nani, nami nizungumzie namna, kwa sababu wengi wanadhani mtu hupiga simu na kibao kinatoka Washington. Hakitoki.

Jengo lenyewe, ambamo Rorex alitoa zile leseni, ni mahakama ya zamani ya Boulder County, Pearl Street, la mwaka 1933, mtindo wa Art Deco, lililojengwa baada ya lile la mwanzo kuungua 1932. Liko ndani ya wilaya ya kihistoria ya katikati ya mji, ambayo imo kwenye Rejesta ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria tangu 1980. Historia ya jengo kama hilo haiandikwi upya. Unapeleka nyaraka za nyongeza: eneo lilishasajiliwa kwa usanifu wake, sasa unathibitisha umuhimu mwingine.

Rejesta ina vigezo vinne. Kigezo A ni tukio, B ni mtu, C ni usanifu, D ni akiolojia. Kosa la wanaoanza ni kukimbilia B kwa sababu wanampenda mtu. B inataka jengo lihusike na maisha ya kazi ya mtu huyo yaliyompa umuhimu, na kwa kawaida awe ameshafariki. Kwa Rorex kigezo salama ni A: tukio la Machi na Aprili 1975 lilitokea humo ndani, kuna tarehe, kuna hati. Kikwazo cha pili ni umri. Jambo lisilotimiza miaka 50 linahitaji uthibitisho kwamba ni la umuhimu wa pekee. Kwa matukio ya 1975 kizuizi hicho kimeisha mwaka 2025.

Maombi hupita ofisi ya jimbo ya uhifadhi. Wenye mali huarifiwa kati ya siku 30 na 75 kabla ya bodi ya jimbo kukaa. Mwenye mali binafsi anaweza kupinga kwa maandishi na akazuia, ila jengo la umma halina mlango huo, kwa hiyo hoja ya Ustadh kuhusu kodi ya wote inabidi isemwe mbele ya bodi na ya kaunti, mapema. Baada ya hapo linakwenda kwa msimamizi wa Rejesta, ambaye ana siku 45. Kusajiliwa hakuleti pesa moja kwa moja wala kibao. Kibao unakinunua mwenyewe na idhini ya kukitundika unaipata kwa mwenye jengo.

Cha kutundika: misumari ya chuma cha pua, siyo chuma cha kawaida, kwa sababu kutu huvimba na kupasua jiwe. Matundu yatobolewe kwenye chokaa ya kiungio, siyo kwenye jiwe lenyewe. Chokaa unaweza kuiziba kesho ukiamua kukiondoa. Na maneno yahakikiwe kabla ya kumwagwa shaba, maana shaba haina kufuta na kuandika upya.

Mpekuzi wa Masjala

Basi tujaribu maneno. Napendekeza: "Katika jengo hili, Machi na Aprili 1975, karani Clela Rorex alitoa leseni sita za ndoa kwa wapenzi wa jinsia moja, za kwanza nchini Marekani."

Mama Nasra

Waweke waliooana kabla ya karani. "Katika jengo hili wapenzi sita wa jinsia moja walipewa leseni..."

Fundi wa Makumbusho

Wapenzi sita ni watu sita. Andikeni "jozi sita", ama msomaji atahesabu ndoa tatu. Na "za kwanza nchini" ziondoke. Phoenix, Arizona, leseni ya wanaume wawili ilitoka Januari 1975, miezi miwili na ushei kabla, ikabatilishwa haraka. Na hao Baker na McConnell wa Minnesota, baada ya karani wa Hennepin kuwakatalia, walipata leseni Blue Earth County Agosti 1971, karani wa huko asijue, kwa sababu mmoja alikuwa amebadili jina. Mwaka 2018 jaji wa Minnesota alisema ndoa hiyo ilikuwa halali siku zote.

Ustadh Bakari

Na kama mtakiweka hata hivyo, ongezeni mstari wa mwanasheria mkuu kumsimamisha, na tarehe yake. Msomaji asiyejua atadhani ilianza 1975 ikaendelea.

Wakili Mkaidi

Mstari huo nami naudai. Bila huo napiga kura ya hapana.